Je, wajua kwa nini polisi walisaka kanda za muziki River Road mwaka 1990?

Katikati ya mwaka 1990, polisi wa Nairobi walikuwa wakikamata wachuuzi wa kanda huko River Road, barabara ya maduka mjini, na kuzitwaa bidhaa zao. Zilikuwa nyimbo tu, nyingi za Kikuyu, lakini zilitaja mambo ambayo redio haikuthubutu kuyagusa.

Tangu Juni 1982 katiba ilitambua chama kimoja, KANU. Redio iliyokuwepo ni ya serikali. Februari 1990 Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa. Mei 3, wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia wakadai vyama vingi hadharani, na mwezi huohuo mabanda ya Muoroto, karibu na stendi ya Machakos, yakabomolewa huku wakazi wakipambana na askari. Watu walikuwa na uchungu mwingi na hawakuwa na pa kuusemea.

Kanda ikawapa mahali. Gazeti lina mhariri, lina anwani, na mtambo wake unaweza kufungwa usiku mmoja. Kanda ilihitaji msanii, studio ndogo ya mjini na redio-kaseti ya kanda mbili; baada ya hapo nakala zilizaana zenyewe vyumbani mwa watu. Makanga akiiweka kwenye matatu, abiria wa Kariobangi huisikia yote kabla hajashuka, awe anajua kusoma au la. Waliosikika humo ni waliovunjiwa nyumba Muoroto, Ouko akiombolezwa, Matiba na masaibu yake. Kwangu mimi, polisi waliogopa zaidi njia ile ya duka hadi matatu hadi mtaani kuliko maneno yenyewe, kwa sababu haikuwa na mlango wa kufunga.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Wakati wa Mau Mau watu waliimba nyimbo za ukombozi kwa tuni za kanisani, na wakoloni wakazipiga marufuku. Mwaka 1975, baada ya mbunge J.M. Kariuki kuuawa, mwanamuziki Joseph Kamaru alimwimbia, na redio ikaukataa wimbo huo.

Matiba na Rubia waliwekwa kizuizini Julai 4, 1990. Siku tatu baadaye, Julai 7, siku iitwayo Saba Saba, umma ulielekea uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi, licha ya mkutano kupigwa marufuku. Chama kimoja kiliondolewa katika katiba Desemba 1991. Nyimbo peke yake hazikuleta hayo: wanasheria, makasisi na shinikizo la wahisani vilikuwa na uzito mkubwa. Ila kanda zilimpa mwananchi wa kawaida hakikisho kwamba jirani yake naye ameumia.

Mwaka 2002 umati wa NARC, muungano wa vyama vya upinzani, uliimba "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji hadi uchaguzini, ingawa haikutungwa kwa ajili ya chama chochote. Kufikia hapo stesheni za FM za watu binafsi zilikuwa zimefunguliwa jijini, na aliyetaka kusikia wimbo wa siasa hakulazimika tena kununua kanda kwa kificho.