Kisigino kinapolia: yanayosemwa viwanjani Goma kuhusu mazoezi makali ya watoto

Ukipita Ndosho au Majengo jioni, utakuta watoto wanaruka kichurachura juu ya ardhi nyeusi ya volkano, ngumu kama sakafu, na kando yake mtu mzima anasema: "Asiyeumia hajafanya mazoezi."

Kauli hiyo ina punje ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Misuli iliyofanyishwa kazi mpya huuma siku moja au mbili, kisha hutulia. Wengi hudai ni asidi iliyoganda miguuni. Sivyo: asidi ya lakti huondoka katika damu ndani ya saa moja au mbili hivi. Maumivu ya kesho yake yanatokana zaidi na michubuko midogo mno ndani ya nyuzi za misuli, na mwili huikarabati wenyewe ukipewa usingizi na chakula. Sahani ya bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ni sehemu ya mazoezi, ingawa hakuna kocha anayeipigia filimbi.

Maumivu ya mfupa ni habari nyingine kabisa. Mtoto anayekua ana gegedu, sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa, karibu na ncha za mifupa na pale zinaposhika kano, yaani kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa, na gegedu hilo ni dhaifu kuliko kano zenyewe. Kila mruko, kano inavuta palepale. Akirudia mara mia, siku tano kwa juma, kinundu kinaweza kuota chini ya goti na kuuma akichuchumaa. Madaktari wanakiita Osgood-Schlatter. Kwa wadogo zaidi, kuanzia miaka 8 hivi, kinacholia ni kisigino: ugonjwa wa Sever. Anachechemea baada ya mechi, nasi tunamwita mvivu! Kumkanda kwa maji ya moto na kumrudisha uwanjani hakumponyi. Apunguziwe mbio na miruko kwa majuma kadhaa, awekewe kitu cha baridi, arudi polepole. Wengi hupona bila kuacha mpira.

Kauli nyingine: "Wote ni kadeti, daraja moja la umri, wafanye sawa." Umri wa karatasi si umri wa mwili. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka 13 au 14, wasichana mapema zaidi, kwenye 11 au 12, na kipindi hicho ndicho mwili huumia kirahisi. Kijana aliyerefuka ghafla na kuanza kujikwaa na mpira hajasahau kucheza. Miguu yake imebadilika urefu.

Ipo pia hofu kwamba kujenga nguvu kunadumaza. Mazoezi ya nguvu yenye msimamizi na mzigo wa kiasi hayazuii mtoto kurefuka. Na kumnyima maji ili awe mgumu hakumjengi hata kidogo. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, hewa ni ya baridi kiasi, hivyo jasho linakauka kabla hujaliona.

Kiasi gani basi kinatosha? Wataalamu wengi wa michezo ya watoto hutumia kipimo rahisi: saa za mazoezi kwa juma zisizidi miaka ya mtoto, na apate angalau siku moja ya kupumzika. Mimi ningeongeza hesabu ambayo kocha haioni. Mtoto aliyepanda na bidoni za maji kutoka ziwani alfajiri, au aliyesukuma chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kubebea mizigo, anafika uwanjani miguu imeshafanya kazi.

Dakika 15 au 20 za mwanzo zina thamani kuliko miruko yote ile. Programu ya kupasha mwili moto ya FIFA 11+ Kids, ya watoto wa miaka 7 hadi 13, ni ya kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri, na kujifunza kuanguka. Ilipojaribiwa kwa watoto karibu 4,000 katika nchi nne za Ulaya, majeraha yalipungua kwa 48%. Inataka mpira tu.

Lakini goti likivimba ghafla, mguu ukikataa kukanyaga, au maumivu yakimwamsha usiku, hapo si suala la kocha tena. Mpelekeni hospitali.