Siku tatu Mombasa: yanayosemwa kuhusu bahari, na ilivyo

"Bahari ipo tu, tutaogelea tukifika." Kauli hii huharibu safari fupi za Mombasa kuliko mvua na foleni. Mtu anatoka bara Ijumaa, asubuhi ya Jumamosi saa 4 yuko Bamburi na watoto, na anachokikuta ni mchanga mtupu, vidimbwi vya maji moto na mwani, bahari yenyewe iko kule kwenye mwamba. Anarudi kwao akisema ufuo wa Mombasa ni mbaya. Ufuo hauna kosa. Amekuja maji yamekupwa, na jambo hilo lingejulikana kabla hajakata tiketi.

Kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, wengi wamesikia. Wasichokijua ni kuwa saa zake hufuata mwezi, na kwa Mombasa mtu anaweza kuzikariri. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Hesabu kama tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hujaa kati ya saa 10 na 11, alfajiri na jioni, na hupwa saa 4 au 5, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kuzidi mita 3. Wiki moja baadaye, tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24, ni maji mafu, na saa zinageuka: yanajaa saa 4 au 5 asubuhi, yanapwa saa 10 au 11 jioni, na tofauti ni kama mita 1 tu. Katikati ya vipindi hivyo, ongeza kama dakika 50 kila siku. Ratiba kamili ya maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, inapatikana kwenye simu. Itazame kabla ya kuchagua tarehe, si ukiwa umeshavaa nguo za kuogelea.

Ukijua hilo, siku 3 zinajipanga zenyewe. Safari ikiangukia bamvua, asubuhi ni ya mji au ya mwamba, na kuogelea ni kuanzia saa 8 mchana hadi jua lizame. Ikiangukia maji mafu, ogelea asubuhi, mjini nenda alasiri. Kwa wenye watoto wadogo ningechagua maji mafu bila kusita, kwa sababu maji hayakimbii mbali wala hayarudi kwa kasi.

Kasi hiyo ndiyo inayonitia hofu. Watu huona bahari imekauka wakatembea hadi kwenye mwamba, kwingine zaidi ya nusu kilomita, wakidhani maji yatarudi polepole kama yanavyojaa ndani ya ndoo. Hayajai hivyo. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kidogo sana, saa ya tatu na ya nne ndipo hupanda nusu ya kina chote. Kwa bamvua hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu ndani ya saa 2. Tena hayaji kutoka mbele peke yake. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, kati ya mwamba na ufuo, ile uliyoivuka maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Toka ufuoni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na saa ya kupwa ikifika geuka, hata kama umeona kitu kizuri.

Miguuni vaa viatu vya kufunga vyenye soli ngumu. Ndala hunaswa kwenye matumbawe, na kwenye mashimo wamo wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano. Mwiba wao hukatikia ndani, ukiuchokonoa kwa pini unavunjika vipande vipande. Loweka mguu kwenye maji moto unayoweza kuyavumilia, maumivu yatapungua, na uliozama sana au ulioingia kwenye kiungo upeleke hospitali. Matumbawe hai usiyakanyage kabisa. Anayetaka kuyaona apande boti yenye sakafu ya kioo saa maji yamekupwa, maana ndipo yanapokuwa karibu na kioo.

"Mwani ni uchafu wa mji." Sivyo. Ni majani ya baharini yanayong'olewa na mawimbi, na huwa mengi zaidi wakati wa kusi, msimu wa upepo utokao kusini.

"Tumechukua hoteli katikati ya mji, ufuo uko hapo." Katikati ya mji ni kisiwa, na fukwe za kuogelea ziko nje yake: Nyali, Bamburi na Shanzu upande wa kaskazini, Diani kusini. Vivyo hivyo SGR, treni ya kisasa itokayo Nairobi, kituo chake kiko Miritini, si mjini. Ukifika hapo jioni usipange kitu kingine siku hiyo.

"Fort Jesus ni nusu saa." Hapana, ipe saa 2. Wareno waliijenga ngome hiyo kuanzia 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya mazingiwa ya karibu miaka 3, Waingereza wakaifanya gereza hadi 1958, na kila mmoja ameacha alama kwenye kuta zile zile. Ingia saa 2 asubuhi, kabla ya mawe kuanza kurudisha joto. Ukitoka, Mji wa Kale uko mlangoni na huzungukwa kwa miguu, umevaa nguo za heshima. Ijumaa uwe umemaliza kabla ya saa 6, maana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya swala.

Jioni ya bamvua, baada ya kuogelea, Mama Ngina, bustani iliyo kando ya bahari kisiwani, panatosha: viazi karai vya moto, ukwaju, na meli inayoingia Kilindini karibu kiasi cha kusoma jina lake ubavuni.