Kabla hujaipaka grisi droo ya kempa

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu magharibi. Mgeni ameingia Mwanza akitokea Sirari, kempa yake ameiegesha ufukweni upande wa Ilemela, droo imetoka nusu na hapo imegoma, haitoki wala hairudi. "Fundi, nimeshaipaka grisi kopo zima," kijana anayemwongoza akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesubiri pongezi. Nikajua kesho nitaondoka gereji na matambara mengi kuliko spana.

Kwa msiozifahamu: kempa ni gari la kulala safarini, lenye kitanda na jiko ndani. Droo ndilo jina tulilolipa sisi pale Nyakato lile chumba linalosukumwa nje ya bodi gari likishaegeshwa, ili ndani mtu ajinyooshe. Kwetu hazijazoeleka, ila mtindo huohuo hutumika pia kwenye baadhi ya matrela ya kliniki tembezi, kwa hiyo fundi anayeishi barabara kuu hawezi kusema hazimhusu.

Sasa hii grisi. Mwanza tunajisifu kwa miamba, kila mgeni lazima apigwe picha na Bismarck Rock nyuma yake. Lakini graniti hiyohiyo ikichakaa kwa jua na mvua inageuka mchanga, na mchanga huo umejaa kwatsi, madini magumu kuliko vyuma vyetu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kinachoishia 10, kwatsi ni 7. Kisu cha chuma kiko kama 5 na nusu. Aluminiamu, ambayo ndiyo reli za meno zinazotembeza baadhi ya droo hizi zimetengenezwa nayo, haifiki hata 3. Fundi yeyote wa injini anaijua pesti ya kusagia valvu: ni grisi iliyochanganywa na punje ngumu. Ukipaka grisi meno ya reli yaliyo wazi, kisha ukaendesha gari siku nzima kwenye barabara ya vumbi, pesti hiyo umejitengenezea mwenyewe, tena unaiwasha na swichi kila jioni.

Nilichokikuta Ilemela asubuhi kilikuwa uji wa kijivu ndani ya kila jino. Na ndani ya uji, wadudu wa ziwani. Mnawajua, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa treni, hasa mwezi ukiwa mchanga, upepo ukiwaleta nchi kavu wanajaa hadi kwenye sufuria. Wapo watu wa mwambao wanaowakanda na kuwala. Mimi nawafahamu zaidi kama kitu kinachoganda kwenye mpira wa kuzuia maji unaozunguka droo na kunuka samaki.

Kabla ya kugusa chochote nilipima betri. 11.7. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.6, na ikishuka kwenye 12 imebakiwa na kidogo sana. Droo ya aina ile ina mota mbili, moja kila upande, na zinatakiwa ziende sambamba kama ng'ombe wa plau. Umeme ukiwa hafifu mmoja anavuta, mwingine anazembea, droo inakaa upande na kukaba. Ya mgeni upande mmoja ulikuwa umetangulia kwa vidole vinne. Yaani tangu mwanzo ugonjwa haukuwa ukavu, na kopo zima la grisi liliteketea bure.

Tukaweka betri chaji. Tukaziachia mota zisishike meno, watu wanne tukausukuma upande uliochelewa mpaka ukalingana na mwenzake. Baada ya hapo nikakaa na brashi ya nailoni na matambara kwa muda wa karibu saa tatu nikiondoa uji, jino kwa jino. Usitumie maji ya presha kwa kazi hii, yanasukuma uchafu na maji kwenye mota na kuyapitisha nyuma ya mpira. Reli iliposafika na kukauka nikapuliza dawa kavu ya PTFE, ile ambayo wengi wanaiita teflon. Inapokauka inabaki utando mwembamba usionata, vumbi likitua linapeperuka. Puliza kidogo, toa droo, rudisha, futa iliyozidi. Basi. Mtu akikuuliza mbona haionekani kama imepakwa, mwambie ndivyo inavyotakiwa.

Watu hunitajia WD-40 kama dawa ya kila kitu. Hizo herufi zinahusu kufukuza maji, na 40 ni jaribio la arobaini, huko San Diego mwaka 1953. Mimi ninayo na ninaipenda, kwa kulainishia grisi iliyokauka na kutu, halafu ninaifuta. Kuitegemea iwe kilainishi cha kudumu kwenye reli ni kujidanganya. Oili chafu ya injini hata sitaki kuizungumzia.

Grisi ina mahali pake. Droo za reli nzito za chuma, zile zinazopita chini ya gari, nyingine zina beringi zenye matundu ya kusukumia grisi kwa pampu. Humo weka, futa inayotoka pembeni. Sehemu iliyofungwa inataka grisi, iliyo wazi inataka ukavu. Na aina hiyo mara nyingi ina breki kwenye mota, unayoilegeza ili kuizungusha droo kwa mkono umeme ukikata. Ukimaliza, irudishe. Breki ikisahaulika, droo inaweza kuanza kutoka yenyewe gari likiwa mwendoni.

Zinazotumia haidroliki hazina mengi: futa vyuma vya silinda, angalia kama panavuja, na kipimo cha mafuta kitazame droo zote zikiwa ndani. Ukijaza zikiwa nje, siku ya kuzirudisha tangi linafurika. Mingi ya mifumo hiyo hutumia ATF, yale mafuta mekundu ya gia otomatiki, lakini soma kwanza kilichoandikwa kwenye tangi. Droo zinazovutwa kwa kebo, ukiona uzi mmoja tu wa kebo umekatika na kuchomoza, simamisha kazi.

Mpira wa kuzunguka droo ndiko wenye nia njema wanakoharibu zaidi. Nimewahi kukuta mwenye gari kaupaka mafuta ya mgando, yaleyale ya kujipaka mwilini, akiamini analainisha. Mafuta hayo yanatokana na petroli ghafi, na mipira mingi ya aina hii ni EPDM, mpira wa kiwandani ambao haupatani kabisa na mafuta ya petroli: unavimba, unalegea, unaacha kuzuia maji. Dizeli na mafuta ya taa ni vivyo hivyo. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, acha ukauke, kisha pangusa kwa kitambaa chenye silikoni. Huna silikoni? Poda ya mtoto inatosha kuzuia mpira usigandane na bodi hadi ufike mjini.

Halafu jifunze kusikiliza. Mlio mwembamba wa kukwaruza, kwiii, unaweza kuwa ukavu au uchafu. Tak-tak-tak ni meno yanarukana, na hapo hakuna dawa ya kupuliza itakayokusaidia. Achia swichi, pima betri, angalia kama gari limesimama sawa, kwa sababu bodi iliyojipinda kwenye mteremko inaibana droo. Kwa zile za mota mbili, droo ikifika mwisho usiachie swichi papo hapo, ishikilie sekunde chache mpaka mota zote mbili zinyamaze ili zilingane upya. Nusu ya simu ninazopigiwa zinaishia kwenye sekunde hizo.

Mgeni alilala usiku mmoja zaidi, asubuhi akaondoka kwenda Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi. Nilipita kumuaga nikamkuta yule kijana yuko juu ya ngazi na ufagio wa chelewa, anafagia wadudu wa usiku kwenye paa la droo kabla haijarudishwa ndani. "Fundi," akaniuliza bila kugeuka, "na hawa waliokwama kwenye mpira niwatoe na nini?" Nikampa kitambaa na maji ya sabuni.