Mawimbi ya kisu cha damaski siyo yanayokata

Watu wengi wanaamini kisu cha jikoni cha damaski, yaani chenye yale mawimbi kwenye ubapa wake, kinakata zaidi, eti kadiri tabaka za chuma zinavyokuwa nyingi ndo makali yanazidi. Hapana jamani. Mhunzi anachukua aina mbili za chuma cha pua, mara nyingi moja ina nikeli kidogo kama 2% hivi, anazipasha moto anaziunganisha kwa nyundo, anakunja anarudia, halafu mwisho anakitumbukiza kwenye asidi, ile yenye nikeli inabaki inang'aa nyingine inakuwa nyeusi, basi hayo ndo mawimbi unayoyaona. Ni urembo, na urembo wenye kazi kubwa kweli, mi nauheshimu sana.

Ila makali yanatokana na chuma chenyewe, jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa, na wembamba wa ubapa. Tena visu vingi vya hivi vina chuma kimoja kigumu katikati ndo kinachokata, tabaka ziko pembeni tu! Kwahiyo ukinunua uliza chuma cha katikati ni kipi na ugumu wake, sio tabaka ngapi.