Kabla ya kununua chaja ya gari la umeme, soma masharti ya kampuni ya umeme

Wengi wanaonipigia simu niwafungie chaja nyumbani huwa wameshainunua. Naumia nikikuta modeli waliyochukua haimo kwenye orodha ya chaja zinazokubaliwa na kampuni yao ya umeme, kwa sababu fedha ambazo wangerudishiwa ndiyo basi tena.

Kampuni nyingi za umeme hapa Marekani humrudishia mteja sehemu ya gharama za chaja ya volti 240, ile inayoandikwa Level 2 kwenye fomu. Hapa Austin, Texas, mpango wa Austin Energy ulipangwa kurudisha nusu ya gharama za kununua na kufunga, hadi dola 1,200 kwa chaja yenye Wi-Fi. Isiyo na Wi-Fi ilipangiwa kiasi kidogo zaidi.

Tofauti hiyo inakueleza kampuni inanunua nini kwako. Jioni ya kiangazi watu wanarudi kutoka kazini, viyoyozi vinawaka mtaa mzima, na transfoma moja inahudumia nyumba kadhaa. Chaja ya ampea 32 inavuta karibu kilowati 7.7. Majirani watatu wakichomeka magari saa kumi na mbili jioni, transfoma hiyo inaweza kuelemewa. Chaja yenye mtandao inaweza kuahirishiwa kazi hadi usiku wa manane, au kupunguzwa nguvu kwa saa chache siku ya joto kali. Kwa hiyo uliza mapema: nikipokea fedha, mtakuwa na ruhusa ya kupunguza chaji yangu? Mara ngapi? Naweza kukataa siku nikiwa na safari? Mimi naona ni makubaliano ya haki, mradi uyajue kabla ya kusaini.

Kuna kampuni zinazotaka uombe kabla ya kununua, nyingine baada ya kazi kwisha. Kwa vyovyote tunza risiti, ankara ya fundi mwenye leseni, kibali cha jiji na picha ya namba ya chaja. Fundi wa bei poa asiyechukua kibali anaweza kukunyima malipo yote.

Sasa paneli yako ya umeme, yaani sanduku la swichi za nyumba nzima, maana hapa ndipo gharama zinapojificha. Kanuni za umeme zinaihesabu chaja kuwa mzigo wa muda mrefu, hivyo waya na breka (swichi inayokata umeme ukizidi) hupimwa kwa asilimia 125 ya ampea zake: ampea 32 inahitaji breka ya 40. Nyumba ya zamani yenye paneli ya ampea 100, jiko la umeme na kiyoyozi inaweza isiwe na nafasi. Usikimbilie kubadilisha paneli kwa maelfu ya dola. Mwambie fundi apige hesabu ya mzigo kwanza, kisha muulize kuhusu kushusha chaja hadi ampea 16 au 24, au kuweka kifaa kinachoipunguza nguvu nyumba inapotumia umeme mwingi. Na kama unaendesha maili 30 kwa siku, soketi ya kawaida ya volti 120 inatosha ukichomeka usiku kucha. Hapo huhitaji chaja wala fomu.

Nafuu ya kodi ya serikali kuu, kifungu 30C, ni jambo jingine: asilimia 30 ya gharama, hadi dola 1,000, kwa maeneo ya kipato cha chini au yasiyo ya mjini tu. Sheria ya Julai 2025 iliiwekea mwisho, na chaja iliyoanza kazi baada ya Juni 30, 2026 haihesabiwi.