Pyesi (vipuri vya umeme) ziko soko la Kadutu, Bukavu, shida ni namna ya kuziuliza

"Fundi, nimezunguka Kadutu yote, pyesi ya televisheni yangu haiko." Maneno haya nimeyachoka. Nikiuliza mteja aliomba nini dukani, jibu ni lile lile: pyesi ya Samsung, pyesi ya LG.

Muuza pyesi hapangi droo zake kwa jina la televisheni, anazipanga kwa namba. Kapasita, yaani kile kipipa kidogo kinachotunza umeme, ya mikrofaradi 1000, volti 25, ni ile ile ndani ya televisheni, redio au inveta. 7805, pyesi ya kutuliza volti, inatoa volti 5, awe ameitengeneza nani. Kwa hiyo soma namba, iandike, au nenda na pyesi iliyokufa mkononi. Upande wa kapasita, mikrofaradi zibaki zilezile, volti zinaweza kupanda lakini zisishuke: penye 16 weka 25. Halafu kuna zinazovumilia joto la nyuzi 85 na za nyuzi 105. Kwenye saplai, sehemu inayolisha kifaa umeme, mimi sikubali ya 85, hata mteja alie bei, kwa sababu kila joto likipanda nyuzi 10 umri wake hukatika karibu nusu. Pima na urefu wake, la sivyo kifuniko hakitafunga.

Dayodi, pyesi inayopitisha umeme upande mmoja tu, ni hivyo hivyo. Umekosa 1N4001 ya volti 50? Chukua 1N4007 ya volti 1000, inaingia palepale. Ila kwenye upande wa kutolea wa saplai ya swichi, ile inayokata na kuwasha umeme kwa kasi sana, usiithubutu: hapo inatakiwa dayodi ya kasi, hii itachemka mpaka iungue. Muuzaji mzoefu atakuzuia kabla hujalipa.

Wengine wanasema za Dubai ndizo orijino, za hapa ni feki. Feki ziko kila soko, na mtandaoni pia zimejaa. Hapa unaipima kwa mita mbele ya muuzaji, na ikikataa unamrudia kesho. Mnunulieni jamani! Faida ya kapasita moja ni ndogo mno. Tukimkumbuka siku ya shida tu, droo zile zitajaa makava ya simu, na hapo kweli pyesi zitakosekana. Mimi kapasita moja ikivimba nanunua za saplai nzima, maana zile nyingine zimekula joto lile lile.

Eti pyesi iliyotolewa kwenye bodi ya zamani inashinda mpya? Transfoma, sawa. Kapasita, hapana: maji yake ya ndani yamekwisha kukauka kwa miaka ya kazi.

Na fyuzi kufungwa kwa uzi wa waya, hilo silijadili. Umeme ukirudi na volti za juu, uzi ule haukatiki, na kinachoungua ni bodi. Nunua fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya kwanza.