Pambizo la uthabiti: anayetembea hupimwaje kama yuko imara?

Mtoto anayesimamisha mpini wa ufagio juu ya kiganja haushiki, anaukimbilia. Mpini ukilalia kushoto, kiganja nacho huwahi kushoto, tena hupitiliza kidogo ili kuurudisha. Mwili wa mtu anayetembea uko hivyohivyo. Uzito wote uko juu, mguu mmoja uko chini, na kila hatua ni kile kiganja kinachouwahi mpini.

Ndiyo maana kipimo cha kusimama hakifai kwa kutembea. Aliyesimama tunamhesabu kuwa imara iwapo kitovu cha uzito wake, ambacho kwa mtu mzima kiko ndani ya nyonga, kinaelekea chini wima hadi ndani ya eneo la nyayo zake, kama mwashi anavyoangusha timazi. Ukianza kutembea mambo yanabadilika. Karibu asilimia 80 ya muda uko juu ya mguu mmoja tu, na timazi hiyo hutua nje ya unyayo, upande unaotazama mguu wa pili. Kwa kanuni ya aliyesimama, kila anayetembea anaanguka. Na ni kweli anaanguka, ila mguu wa pili unamwahi.

Mwaka 2005 mtafiti Mholanzi At Hof na wenzake walipendekeza njia ya kuhesabu jambo hili. Usitazame tu mwili uko wapi, walisema, tazama pia unaelekea wapi na kwa kasi gani. Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mvutano wa dunia, 9.81, ugawanye kwa urefu wa mguu, tuseme mita 0.9, kisha utafute kipeuo cha pili. Utapata kama 3.3. Sasa gawanya kasi ya mwili kwa namba hiyo. Anayetembea mita 1.2 kwa sekunde anapata mita 0.36, maana yake ni kwamba kwa hesabu ya uthabiti mwili wake tayari uko kwenye nukta iliyo sentimita 36 mbele ya pale unapouona. Akiyumba pembeni kwa mita 0.1 kwa sekunde, nukta hiyo inasogea sentimita 3 upande huo.

Umbali kati ya nukta hiyo na ukingo wa unyayo, ule wa mbele au wa nje pembeni, ndio pambizo la uthabiti. Nukta ikiwa haijaupita ukingo huo, pambizo ni chanya, na mwili unaweza kujirudisha bila hatua nyingine. Ikiwa imeupita, ni hasi, na lazima mguu uende mahali pengine upesi. Kuelekea mbele pambizo la mtu mzima wa afya kwa kawaida huwa hasi, kwa sababu bila kujiangusha mbele hakuna safari. Upande wa pembeni hubaki chanya, lakini kwa sentimita chache tu. Mimi naona hapo pembeni ndipo pa kutazama zaidi kwa wazee, maana anayeanguka kwa ubavu hutua juu ya nyonga, na nyonga ikivunjika uzeeni maisha ya nyumba nzima hubadilika.

Kuna mtego hapa. Pambizo kubwa si dalili ya afya. Hof alipowapima watu waliokatwa mguu juu ya goti, mwaka 2007, pambizo la pembeni lilikuwa kubwa zaidi upande wa mguu wa bandia. Hawakuwa imara zaidi. Mguu wa bandia hauwezi kurekebisha kosa dogo kifundoni, basi wanaukanyagisha mbali ili kosa lisitokee. Mwenye hofu ya kuanguka naye hupanua hatua. Kwa hiyo anayepima hutazama pia jinsi pambizo linavyobadilika hatua hadi hatua, na mtu anavyojirudisha akisukumwa kidogo.

Pambizo hupimwa kwa kamera na mabamba ya kupimia nguvu ya unyayo, na vifaa hivyo ni ghali. Kliniki nyingi hutumia kiti na saa: inuka, tembea mita 3, geuka, rudi, keti. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 1991, na sekunde 12 au zaidi kwa mzee huchukuliwa kuwa onyo. Halipimi pambizo, lakini linaonyesha mzee anavyogeuka, na kugeuka hutikisa wengi.

Watafiti wa Uswidi walitumia kitu rahisi zaidi mwaka 1997: mazungumzo. Wazee waliosimama walipoanza kusemeshwa njiani walianguka zaidi katika miezi sita iliyofuata, kwa kuwa kutembea kulishachukua akili yao yote. Kwetu jaribio hilo linataka uangalifu, maana mzee akisimama kukujibu shikamoo huenda ni adabu tu. Msubiri salamu ziishe, mwendelee kutembea, kisha umuulize habari za shamba.